Daku kwa Masista

Januari 1998 mvua za El Niño zilikuwa bado zinaipiga nchi, nami nilikuwa nimepangiwa kufundisha Songea. Ilikuwa Ramadhani. Msafiri ana ruhusa ya kula, abiria wenzangu walinikumbusha hivyo tangu Ubungo, lakini ujana una kiburi chake, nikafunga. Gia boksi ya basi ikafa Njombe, magharibi imeshaingia. Enzi hizo mabasi hayakuruhusiwa kutembea usiku, kwa hiyo hata fundi alipopatikana hakuna aliyekuwa na haraka. Mimi ni mtoto wa Muheza, mkoani Tanga. Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na baridi yake niliingia nayo vitani nikiwa na shati la mikono mifupi.

Gesti za karibu na stendi zilikuwa zimejaa. Ndani ya basi letu alikuwamo sista mmoja, Mbenedikti, aliyeshika rozari tangu Morogoro. Akatugeukia sisi tuliobaki tumesimama: "Twendeni kwetu. Vyumba vya wageni vipo, choo kiko nje, na saa tatu taa zinazimwa." Hakupamba.

Langoni tulifunguliwa na babu mmoja mwenye makoti mawili na jiko la mkaa miguuni.

"Tumsifu Yesu Kristo!"

Wenzangu wakajibu, "Milele, amina." Mimi nikasema, "Shikamoo, babu."

"Marahaba. Wewe wa pwani."

Nikamuuliza kajuaje. "Meno yako yamebisha hodi kabla yako."

Nilidhani ni mlinzi. Kumbe alikuwa mmoja wa wazee waliotunzwa pale. Nyumba yenyewe ilikuwa moja tu, ndefu, ya bati: upande huu wageni, upande ule wazee, jiko katikati. Pesa ya vitanda vyetu ndiyo iliyonunua sabuni, unga na dawa za upande wa pili, na sista aliyeandika majina yetu alilisema hilo waziwazi, kama muuza duka anayetaja bei. Kuhusu babu alisema Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, iliyoandikwa karne ya 6, inataka langoni akae mzee mwenye busara, ambaye umri wake haumruhusu kuzurura. "Busara tunaendelea kuitafuta," akasema, "ila kuzurura hawezi, mguu umekataa."

Tatizo langu lilikuwa daku. Nilimwendea sista wa jikoni kwa aibu, nikamweleza kwamba nimefunga.

"Unakula saa ngapi?"

"Kabla ya alfajiri, sista."

"Basi huna shida. Saa kumi mimi nakoroga uji wa wazee. Kanuni yetu inasema wazee na watoto wasibanwe na saa za kula. Nitakuhesabu mtoto."

Saa kumi kweli kuni zilikuwa zinawaka. Nilikula uji wa ulezi na viazi mviringo vya kuchemsha, vile vya Njombe vinavyopasuka vyenyewe ganda, nikanywa na chai ya maziwa. Nilipomaliza sikuona sababu ya kukaa, nikabeba ndoo za maji ya moto kuelekea upande wa pili.

Kule ndiko nilikoona kazi. Novisi wawili, yaani wanaojiandaa kuwa masista, wasichana wa rika langu, walikuwa wanamgeuza bibi aliyekuwa hawezi kuinuka: mmoja kashika bega, mwingine nyonga, kwa hesabu ya pamoja, kisha wakamkagua mgongo na visigino kwa taa ya chemli, maana vidonda vya kulalia huanzia hapo. Shuka likabadilishwa naye akiwa juu yake. Hakuna aliyekunja pua. Bibi wa kitanda cha pili aliniita, "Kamwene!", akaniuliza mengi kwa Kibena, na novisi akanitafsiria swali moja tu: nimeoa? Nikasema bado. Bibi akageukia ukutani.

Kwetu tunajivunia kwamba mzee hapelekwi popote, na anayempeleka husemwa mpaka kwenye harusi. Sawa. Ila nimewaona wazee waliobaki kwao, chumba cha uani, chakula kikiletwa na mtoto aliyetumwa mara tatu. Mgongo wao hakuna aliyeukagua kwa chemli.

Kulipopambazuka nilikaa na babu langoni. Nilipotaja Muheza alivua kofia. Miaka ya 1950 SILABU, lile shirika la kuajiri vibarua wa mkonge, lilimchukua pamoja na vijana wa kijijini kwao, kwa lori hadi kwenye reli, mpaka Tanga. Alikata mkonge, kisha akahamishiwa kwenye korona, mtambo wa kusindika mkonge. Aliniuliza habari za Ngomeni, Kibaranga, Kwafungo, na machungwa, kwa mpangilio huo. Kisha akatoa kopo la kahawa, na ndani yake, katika kitambaa, kipande chake, ile kadi ya kuhesabia siku za kazi. Siku 30 za kazi zikitimia ndipo mtu alipwe. Chake kilikuwa na alama 28. Homa ilimwangusha, akarudishwa kwao.

"Ukienda likizo, niulizie hizo 28."

Nikamwambia shamba lile sasa ni pori, mkonge umekufa na wazungu wameondoka.

"Pori lina mwenyewe, mjukuu wangu. Huyo ndiye umuulize."

Basi likapiga honi. Nikalipa kitanda, sista akaniandikia risiti na kunifungia viazi vya kufuturia.

Likizo ya Juni nilikwenda kweli. Ofisi ya shamba ilikuwa na mlinzi na mbuzi wawili. Mlinzi akapokea karatasi yenye jina la babu na namba yake, akaisoma yote, akaniambia nirudi Jumatatu.