Miche tisini nyuma ya nyumba

Nyuma ya nyumba yetu hapa Lubumbashi kuna kipande cha mita za mraba 30 ambacho kwa miaka mingi kilikuwa cha kumwagia vifusi na kuanikia nguo. Tangu Novemba ya mwaka juzi kina miche 90, yaani mitatu kwa kila mita ya mraba, na jirani yangu hachoki kuniuliza kama nimepanda msitu au nimepanda nyoka.

Msongamano huo si pupa. Ni utaratibu wa Akira Miyawaki, mtaalamu wa mimea wa Japani aliyefariki mwaka 2021, ambaye alichunguza vijisitu vilivyohifadhiwa kwenye mahekalu ya kwao na kuona kwamba humo ndimo miti ya asili ilimosalia. Udongo hulainishwa na kurutubishwa, miche ya asili ya vimo mbalimbali huchanganywa bila mistari, kisha juu hutandazwa nyasi kavu. Kwa kugombania mwanga miche hurefuka upesi, na baada ya miaka miwili au mitatu ya kumwagiliwa na kupaliliwa huachwa ijitunze. (Nyasi zangu zililiwa na mchwa mwezi wa kwanza tu.)

Kwetu, ugumu unaanzia kwenye neno "asili". Jakaranda zinazopamba barabara zetu zilitoka Amerika ya Kusini, na mikaratusi ilitoka Australia. Miombo, misitu ya miti iliyoachana ambayo ndiyo yetu, haikusongamana: jua hupenya hadi chini, nyasi huota, na moto hupita wakati wa kiangazi. Msitu wetu mzito ni muhulu, nao umebaki vipande vipande. Kwa hiyo nimeamua kupanda muhulu mdogo usioguswa na moto, ingawa nimechanganya humo na miti ya miombo kwa sababu naipenda.

Miti hiyo ndiyo iliyonifedhehesha. Misuku niliyoiotesha kwanza kwenye udongo wa kichuguu, ule ule tunaofyatulia matofali, ilibaki na kimo cha kidole, majani yakiwa njano. Aliyenizindua, bila kukusudia, ni mama anayeuza bowa (uyoga) ya manjano kando ya barabara ya Likasi. Nilipomuuliza kwa nini bei imepanda, alijibu: "Baba, bowa hii iko na miti yake. Miti ikienda kwenye makala (makaa), na bowa inaenda." Kumbe kuvu anayezaa uyoga huo hujivika kwenye mizizi ya miti kama musuku, akaupatia mti fosforasi na kulipwa sukari. Nilikwenda kuchota ndoo mbili za udongo chini ya miti mizee, nikauchanganya na wa vifuko vipya vya kuoteshea miche, na majani ya miche iliyofuata yakawa kijani.

Sasa shida ni maji. Kuanzia Mei hadi Oktoba tunavuta kisimani madumu sita ya lita 20 kila jioni. Kiangazi hiki nimejaribu kumwagilia mara tatu tu kwa juma: mipundu, miti mingine ya miombo, imevumilia, misuku miwili imenyauka, na wa tatu unamwaga majani wakati nikiandika haya.