Nzi Hawangoji

Saa kumi na mbili asubuhi niko ndani ya basi kutoka mtaa wa Katuba kwenda maabara. Mwezi wa kumi hapa Lubumbashi ni moto mtupu, na mvua bado.

Saa moja nachemsha chakula cha nzi wa matunda: unga wa mahindi, sukari, hamira, na aga ya kugandisha. Kisha natoa chupani nzi wote waliokomaa, wabaki walio bado ndani ya ganda. Hapo saa yangu inaanza. Kwenye joto la nyuzi 25, jike aliyetoka kwenye ganda leo hukaa muda wa kama saa nane kabla ya kukubali dume. Akishapandwa huhifadhi mbegu tumboni, na hapo huwezi tena kujua baba wa watoto wake.

Tunachunguza fosfataza, vimeng'enya vya ndani ya seli. Seli hupitisha ujumbe kwa kubandika na kubandua fosfeti, kemikali ndogo. Vimeng'enya viitwavyo kinazi hubandika, fosfataza hubandua. Ile iitwayo PTEN hubandua fosfeti kwenye mafuta ya utando wa seli, na hivyo hupunguza nguvu ya amri ya insulini inayosema "kua". Ukiiondoa kwenye jicho la nzi, seli hunenepa na jicho huvimba. Lakini si kila fosfataza ni breki: nyingine, iitwayo Corkscrew, husukuma ujumbe mbele. PTEN hukosekana katika saratani nyingi za binadamu, kwa hiyo naumia mtu akiniita mchezea uchafu.

Saa tano umeme ukakatika. Hadubini giza, joto la kabati la nzi likaanza kupanda: nyuzi 27, 28. Likikaa kwenye 30 kwa muda mrefu, madume hupoteza uzazi. Nikalifunika kabati vitambaa vya maji, nikakimbilia mazutu, yaani dizeli, ya jenereta. Mwenye ufunguo wa stoo ametoka. Nimeketi mlangoni saa moja na nusu, nabadilisha vitambaa, narudi, bado. Alipofika nikamwambia:

"Papa, nzi hawangoji."

"Mama, nzi? Si wamejaa soko la mtaa wetu wa Kenya, bure kabisa!"

Nikamweleza habari ya saratani. Akanyamaza, akafungua. Mazutu yenyewe yalikuwa yamekwisha.

Nikabeba hadubini hadi dirishani, jua likawa taa yangu. Nikawalaza nzi juu ya barafu, nikawapanga kwa burashi mmoja mmoja: jike mchanga ana mwili mweupe na doa jeusi tumboni. Shingo ilikufa ganzi, jasho likanidondokea kwenye kioo, sikuacha. Saa tisa ilipogonga nilikuwa na majike 41.

Nimewaweka na madume, nimeandika tarehe kwenye chupa. Watoto watatoka baada ya siku kama kumi, nami nitaanza na macho yao.