Kakao ndani ya chai ya viungo: kuonja, kupima, kupika

Jumamosi, jioni

Harufu ya chokoleti ni rahisi kuighushi. Ukifungua kopo la chai lililoandikwa "ladha ya chokoleti", pua hupokea utamu mzito wa vanila, mdomo unajiandaa, halafu funda la kwanza linaleta chai ya kawaida yenye ukakasi. Ndiyo maana leo harufu ya majani makavu sikuipa uzito wowote. Nilichotafuta ni kile kinachobaki ulimini baada ya kumeza, na jinsi ladha inavyobadilika kikombe kinapopoa.

Kadiri ninavyoonja chai hizi ndivyo ninavyozidi kuamini jambo moja: kakao ikiingia kwenye chai ya viungo, iwe kiungo kati ya viungo vingine. Ikipita kiasi, chai inazama na kinachobaki ni kakao nyepesi isiyo na maana. Chai ina uchungu na ukakasi, kakao nayo vilevile. Ukizirundika bila kupima, kikombe kinakausha mdomo na huwezi tena kutambua kipi ni kipi.

Kuonja kwenyewe kunahitaji mizani ndogo ya jikoni. Kanuni ya ISO 3103, inayotumika kuandaa chai ya kuonjwa, ni gramu 2 za majani kwa mililita 100 za maji yaliyochemka, dakika 6, chombo kikiwa kimefunikwa. Kwa chai yenye viungo kuna mtego hapa. Kama nusu ya mchanganyiko ni kakao na viungo, gramu 2 zako zina gramu 1 tu ya majani, na utaihukumu chai kuwa nyepesi bila haki. Soma kwenye pakiti asilimia ya majani, kisha ongeza uzito hadi majani yenyewe yafike gramu 2. Onja bila maziwa na bila sukari kwanza, halafu rudia na maziwa. Maziwa yana protini zinazoshikana na tanini, yaani vile vitu vya chai na kakao vinavyoleta ukakasi, hivyo ukakasi hupungua sana. Chai iliyokuwa kali mno bila maziwa yaweza kuwa ndiyo bora kuliko zote ikishatiwa maziwa.

Mpangilio wa vikombe una maana yake. Anza na chenye viungo vichache, malizia na chenye karafuu nyingi, kwa sababu mafuta ya karafuu hutia ganzi ulimi na kila kinachofuata kitaonekana kimepooza. Katikati suuza kinywa kwa maji vuguvugu. Maji baridi huyagandisha mafuta ya kakao mdomoni. Vuta funda kwa sauti ili hewa ipande nalo hadi puani, kama waonjaji wa mnada wa chai wa Mombasa wafanyavyo. Usikimbilie kikombe kikiwa cha moto mno. Chini ya nyuzi 60 ladha ya kakao inajitokeza vizuri zaidi, na moto mkali juu ya nyuzi 65 si mzuri kwa koo hata hivyo.

Chai zilizotiwa manukato tu zinajulikana mapema. Mimina maji ya pili juu ya majani yaleyale: manukato yote yanakuwa yameondoka na kikombe cha kwanza, na cha pili hakina hata kivuli cha chokoleti. Kakao ya kweli hubaki, japo kwa udhaifu. Soma pia orodha ya viambato. Vimepangwa kwa uzito kuanzia kikubwa, kwa hiyo kama neno "kakao" halimo kabisa au limekaa mwishoni baada ya manukato, unajua umenunua nini. Siwalaumu wanaozipenda, lakini bei yake ingekuwa ya chai ya kawaida.

Kundi la pili ni zile zenye vipande vya chokoleti ndani. Hizi zimebuniwa kwa nchi za baridi. Mafuta ya kakao huyeyuka kwenye nyuzi kama 34, na huanza kulainika kabla ya hapo. Kopo likikaa dukani Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa Februari, vipande vinalainika, vinashika majani, kisha vinaganda tena kuwa bonge. Kijiko kimoja kinatoka na chokoleti tupu, kingine na majani matupu. Na hata zikiwa nzima, kikombeni huacha utando wa mafuta unaong'aa juu ya chai, na majani yaliyopakwa mafuta hayatoi rangi vizuri.

Zinazonivutia kweli ni zile zenye maganda ya kakao. Nasema yale maganda membamba yanayovuliwa kwenye mbegu baada ya kukaangwa, si ganda nene la tunda. Kilele chake ni harufu ya mkate uliookwa na chokoleti nyeusi, uchungu kidogo sana, na mafuta machache, hivyo hayatii utando kikombeni. Mtu akipata mbegu za Kyela, au za Bundibugyo kule Uganda, anaweza kuyatengeneza nyumbani. Sharti la kwanza ni kwamba mbegu ziwe zimevundikwa vizuri kabla ya kuanikwa, kwa kawaida siku 5 hadi 7. Mbegu iliyoanikwa bila kuvundikwa haitoi ladha ya chokoleti hata uikaange namna gani; inabaki na uchungu mkavu na rangi ya kijivu au zambarau ndani. Kata chache katikati kwa kisu kabla ya kununua. Za kahawia zenye nyufa ndani ndizo.

Chagua, toa mawe na mbegu zilizooza, kisha kaanga kwenye kikaango kizito kwa moto mdogo dakika 20 hadi 25 huku ukikoroga bila kuacha. Utasikia zinapasuka kwa mlio mdogo. Harufu kali ya siki hutoka mwanzoni, halafu inageuka kuwa ya keki. Hapo epua. Ukingoja moshi, umechelewa: maganda ndiyo yanayoungua kwanza, na maganda yaliyoungua yanaipa chai ladha ya masizi isiyofichika hata kwa iliki. Zikipoa, ponda kidogo na pepeta kwa ungo. Maganda yanaruka, chenga zinabaki. Chenga nazo zinafaa kwenye chai, ila zitwangwe kidogo kwenye kinu na zichemshwe angalau dakika 10, kwa kuwa ni ngumu na maji ya kumiminia tu hayazipenyi.

Kipimo changu cha maganda ni gramu 1.5 kwa kikombe cha mililita 250. Kwenye gramu 3 chai inaanza kuonja kama ganda la mti. Maganda ndiyo sehemu ya mbegu inayokaa wazi kwenye uchafu wa uanikaji, kwa hiyo yasiwe ya mbegu zilizoanikwa kando ya barabara, na yenye harufu ya ukungu yatupwe bila huruma. Wenye mbwa wasiyamwage uani yakishachujwa: theobromini iliyomo ndani ya kakao ni sumu kwa mbwa.

Unga wa kakao ni hadithi nyingine, na ndio wengi wetu tunao kabatini. Tangu familia ya Van Houten ya Amsterdam ipate hataza ya kukamua mafuta ya kakao mwaka 1828, unga tunaonunua ni makapi yaliyosagwa yenye mafuta ya asilimia 10 hadi 12 mara nyingi. Hauyeyuki. Unaelea, unafanya madonge, halafu unazama na kuwa mashapo. Upo wa aina mbili: wa asili, kahawia nyepesi na wenye uchachu, na ule uliotiwa magadi kiwandani, mweusi zaidi na mpole. Kwa chai ya maziwa naupendelea wa pili. Ule wa asili huongeza uchachu juu ya tanini za chai, na maziwa ya jana yaliyokwisha anza kuchacha yanaweza kukatika yakikutana nao motoni. Kwa chai ya rangi wa asili unapendeza, hasa ukiwa na ganda dogo la chungwa.

Chai ya sufuria ya lita moja naipika hivi. Maji mililita 600 baridi, tangawizi mbichi gramu 10 iliyopondwa, kijiti cha mdalasini cha sentimita 5, karafuu 3, pilipili manga punje 6. Funika, chemsha kwa moto mdogo dakika 8. Wakati huohuo changanya kwenye bakuli gramu 12 za unga wa kakao na gramu 40 za sukari vikiwa vikavu kabisa, halafu tia maji ya moto vijiko 4 vya chakula na koroga hadi iwe rojo laini inayong'aa. Kuchanganya na sukari kwanza kuna sababu: chembe za sukari zinatenganisha chembe za kakao, na maji yanapata njia ya kuingia kila mahali. Ukimwaga unga moja kwa moja kwenye sufuria, madonge hayaishi hata ukoroge hadi kesho.

Rojo iingie kwenye sufuria, ichemke dakika 2. Kisha maziwa mililita 400. Yanapoanza kupanda tu, tia majani gramu 10, punguza moto, dakika 3, na katika dakika ya mwisho tia iliki 6 ulizozipasua na kutwanga mbegu zake papo hapo. Chumvi ya kubana kwa vidole viwili. Inapunguza uchungu wa kakao bila kuongeza sukari. Chuja kwa chujio lenye matundu madogo.

Majani yanaingia mwisho kwa sababu chai yetu nyingi ya Kericho, Mufindi au Tukuyu ni ile ya chenga iliyosagwa kwa mashine, na hutoa rangi na ukali ndani ya dakika chache. Ukiichemsha dakika 10 pamoja na viungo, kama desturi ya nyumba nyingi, maziwa peke yake huweza kuubeba ukali huo. Ukishaongeza kakao hayawezi tena. Iliki inaingia mwisho kwa sababu harufu yake hupotea na mvuke. Mdalasini na karafuu huvumilia, na mdalasini unahitaji muda ili utoe utamu wake. Tangawizi mbichi lazima itangulie maziwa. Ina kimeng'enya kinachokata protini za maziwa, na kuchemshwa kwenye maji kwanza kunakiua. Maziwa yakikatika, mara nyingi lawama huangukia kakao wakati mkosaji ni tangawizi iliyotiwa mwishoni.

Kuhusu viungo vyenyewe na kakao, mdalasini ndio ndugu wa karibu: unaiongezea kakao utamu ambao haina. Iliki inainua, hasa kwenye maganda. Pilipili manga inafanya ukali wa polepole unaokuja baada ya kumeza, na hapo ndipo kakao nayo inapochelewa kuondoka, kwa hiyo viwili hivi vinakutana vizuri. Karafuu ya Pemba ni ya kuheshimu. Moja kwa kikombe inatosha, na ya pili inafunika kakao yote. Kungumanga nimeiondoa kwenye orodha. Pamoja na unga wa kakao inaleta ladha ya biskuti za dukani. Mchaichai usijaribiwe na maziwa hapa, ingawa kwenye chai ya rangi yenye maganda una nafasi yake.

Mchanganyiko mkavu wa kuweka kopo, unaotoa vikombe 40 kwa gramu 5 kila kimoja: majani gramu 100, maganda ya kakao 60, mdalasini uliovunjwavunjwa 12, tangawizi kavu ya vipande 12, iliki nzima zilizopasuliwa 10, karafuu 3, pilipili manga iliyopondwa 3. Visagwe visiwe unga. Vikiwa unga, unga unapenya na kushuka chini ya kopo, vipande vikubwa vinabaki juu, na kila kikombe kinatoka tofauti; mdalasini wa unga pia hufanya chai iwe na utelezi. Maganda yavunjwe yalingane na viungo vingine kwa ukubwa, kama sivyo nayo yatapanda juu.

Kopo liwe la bati au la kioo cheusi, lijae, lifungwe vizuri, likae mbali na jiko. Acha siku 3 kabla ya kuonja mara ya kwanza ili harufu zizoeane, na kabla ya kuchota litikise kwa kulipindua juu chini. Pwani, kwenye unyevu, maganda hunyonya maji hewani haraka: yakishindwa kukatika kwa mlio ukiyabana kwa vidole, yarudishe kwenye kikaango kikavu dakika 2 peke yake, yapoe kabisa, ndipo yachanganywe tena. Iliki huwa ya kwanza kufifia, yapata mwezi wa pili. Hapo kopo zima halina haja ya kutupwa. Pasua iliki mpya moja kwa kila kikombe unapopika.