Usione muhali kupiga kelele

Binti wa dada yangu ameanza kazi ya mapokezi katika hoteli moja ya Shangani, Mji Mkongwe wa Unguja, na zamu ya jioni inamtoa saa nne na nusu usiku. Kwetu ni Kwahani. Kwa miguu si mbali sana, na kila anayemuuliza pale kazini humwambia "si hapo tu". Nimeshaitembea njia ile naye, mchana na usiku, kona kwa kona. Nayaandika hapa niliyomwambia yeye na wenzake, kwa sababu wasichana wengi wanaotoka kazini saa hizo hawana mama mdogo aliyewahi kucheza judo.

Tuanze na njia. Ya mkato inapita Sokomuhogo na Mkunazini mpaka kutokea Darajani. Nyengine inazunguka Vuga, Mnazi Mmoja, Kisiwandui, halafu Michenzani. Watu hupenda kusema vichochoro ni vibaya na barabara ni salama, lakini inategemea saa. Baada ya sala ya Isha pale Jaws Corner wazee wanakuwa barazani na vikombe vya kahawa, unatoa salamu, unaitikiwa, na wamekuona umepita ukielekea wapi. Usiku ukisogea baraza zinavunjika, milango inafungwa, unabaki wewe na kuta. Hapo shika barabara kubwa, ijapokuwa ndefu. Na Mnazi Mmoja pita upande wa hospitali, ambako watu hawakatiki usiku kucha, si upande wa viwanja.

Taa peke yake haimlindi mtu. Unguja ilipokosa umeme tangu Disemba 2009 mpaka Machi 2010, mji ulikuwa kiza totoro, lakini ndani kulikuwa hakukaliki kwa joto, na watu walilala na kuamka nje. Nilikuwa napita mitaani na kila hatua nasikia "nani huyo?", najibu jina langu na la mama yangu, naendelea. Sasa taa za barabarani zipo, na milango imefungwa kwa ajili ya tamthilia. Mimi nilijiona salama zaidi miezi ile ya kiza. Kwa hiyo ukichagua njia, tafuta watu kwanza.

Sasa sauti, na hapa ndipo ninapotumia muda mwingi na wasichana. Tumelelewa kusema polepole. Msichana anayepayuka njiani anaonekana hana adabu, na hilo limetuingia mpaka kooni. Nikiwasimamisha uani na kuwaambia pigeni kelele, sauti inayotoka ni ya kuomba radhi, na mkono unakwenda mdomoni kuficha kicheko. Inabidi turudie jioni nzima. Mtu akikusogelea kwa namna isiyokupendeza, simama, geuka umtazame, nyoosha kiganja mbele na sema kwa sauti kavu: "Usinikaribie!" Usiongeze "kaka", usiongeze "tafadhali". Wengi hujaribu kwanza kwa maneno waone kama utaona muhali, yaani haya ya kumkatalia mtu. Wakikuta huoni, wanakwenda zao.

Akikugusa, usipige yowe la "mwizi". Sote tunajua yowe hilo linavyoishia: watu wanatoka na mawe na magongo, na anaweza kuuawa aliyekuwa anapita tu. Piga kelele: "Niache! Simjui huyu! Simjui!" Neno la simjui lina kazi yake. Mtu aliye ndani akisikia mwanamke na mwanamume wanazozana hudhani ni mke na mume, anasema mambo yao, anarudi kwenye mto. Ukisema humjui, hana tena kisingizio cha kubaki ndani. Kisha taja ulipo: "Niko Mkunazini, nyuma ya msikiti!" Vichochoro vya Mji Mkongwe vinarudisha mwangwi, na mtu wa ghorofani anasikia sauti bila ya kujua inatoka upande gani. Na mlango wowote ulio karibu, gonga kwa ngumi. Nyumba ni ya mtu, na mtu huyo ni Mzanzibari. Atafungua.

Mikono inafuata baada ya sauti, na kazi yake ni moja tu, kukupatia nafasi ya kukimbia. Akikukamata kifundo cha mkono, usivute kinyumenyume, kwa sababu unapambana na vidole vinne. Tazama kidole gumba chake kiko wapi. Geuza mkono wako ubavu mwembamba uelekee pale gumba linapokutana na vidole, kunja kiwiko chako kuelekea kwake, na chomoa kwa mwili mzima huku unapiga hatua. Msichana mwembamba wa miaka kumi na tano anamtoka mwanamume mzima kwa namna hiyo, nimeliona mara nyingi uani kwetu. Akikukumbatia kwa nyuma, kanyaga kwa kisigino juu ya mguu wake, kiwiko mbavuni. Akiwa mbele, kitako cha kiganja kwenye pua kwa kupandisha, au goti kinenani. Ukishampata, usingoje kuona ameumia kiasi gani. Kimbia. Ule mtindo wa kushika funguo baina ya vidole siupendi, kwani ukipiga zinakurudia mwenyewe kiganjani.

Mtandio usiuzungushe shingoni ukaufunga, maana ukivutwa kwa nyuma unakukaba. Ubane kwa zile pini za sumaku, ukivutwa uachie. Baibui liwe na upana wa kukimbilia, na uzoee kulikusanya kwa mkono mmoja. Mkoba uvae upande wa ukuta, na tembea ukiikabili gari inayokuja, usiipe mgongo. Wa pikipiki akiukamata mkoba, muachie. Watu wameburutwa lami kwa sababu ya simu. Ukipanda bodaboda, mtumie mtu wa nyumbani namba ya pikipiki kabla hujakaa.

Lakini nisiwadanganye kwamba hatari yote iko njiani. Mara nyingi anayemdhuru mwanamke ni mtu anayemjua: jirani mwenye gari anayesema "njoo nikusogeze", mkubwa wa kazini, binamu. Muhali wa kumkatalia mtu wa namna hiyo ni mzito kuliko wa mgeni, kwa sababu kesho mtaonana arusini. Mwambie hapana hivyo hivyo. Arusi itapita.

Na likitokea la kutokea, Mwenyezi Mungu atuepushe, usikoge, usifue. Nguo zitie kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki. Nenda hospitali saa hiyo hiyo, kwani dawa za kuzuia virusi vya ukimwi zinatakiwa zianzwe ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora. Mnazi Mmoja na Chake Chake kuna kituo cha Mkono kwa Mkono, ambako daktari, polisi na mshauri wako pamoja, huna haja ya kuanza kuhadithia upya kila ofisi. Kesi za udhalilishaji zina mahakama yake maalumu tangu 2021. Kinachoziua nyingi ni sisi wenyewe tunaposema "yamalizwe kifamilia", na swali lile la "alikuwa anatafuta nini usiku?" Alikuwa anatafuta riziki, kama kaka yake.

Hilo nimewaambia pia wakubwa wa ile hoteli. Nilikwenda na dada yangu, tukakaribishwa vizuri, tukapewa juisi. Tukaomba gari ya wafanyakazi wa zamu ya jioni. Wamekubali kuwafikisha Darajani. Darajani si Kwahani, na wenzake wengine ni wa Jang'ombe na Mtoni. Tumeandika barua, wasichana wote wa zamu hiyo wametia saini, na Jumatatu tunaipeleka.