Siku moja na mtafiti wa siasa: mambo yote yako kwenye "Mengineyo"

Saa 11 alfajiri. Huu ndio muda wangu wa kuandika, simu ikiwa bado imelala. Nafundisha siasa na utawala katika chuo kikuu hapa Dar es Salaam, na utafiti wangu ni wa serikali za vijiji: nani anaamua, nani anatoa hesabu, na anayeuliza anajibiwa nini. Makala yangu imerudi kutoka kwa wahakiki wa jarida moja la nje. Wa kwanza karidhika. Wa pili anataka kujua kwa nini nimechagua Tanzania. Anayeandika habari za Uingereza haulizwi hivyo. Yeye huandika "demokrasia" kwenye kichwa cha makala, yakaishia hapo. Namjibu kwa adabu kwamba nchi hii ilivunja halmashauri za wilaya zilizochaguliwa na wananchi mwaka 1972, ikaja kuzirudisha kwa sheria za mwaka 1982, na kwamba atakayetaka kujua kunakuwaje wananchi wanapopokonywa baraza lao kisha wakarudishiwa, hapa ndipo mahali pake. Kulikuwa na aya nyingine ya hasira. Nimeifuta.

Saa 1 asubuhi niko kwenye mwendokasi, nimesimama. Hakuna la kusimulia.

Saa 3, darasani. Leo ni Tume ya Nyalali, somo ninalolipenda kuliko yote ya muhula huu. Mwaka 1991 Rais Mwinyi aliunda tume chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali iwaulize Watanzania wanataka chama kimoja au vyama vingi. Karibu wanne kati ya kila watano walisema chama kimoja kiendelee. Tume ikapendekeza vyama vingi, na mwaka 1992 vikaruhusiwa. Nikifika hapo huwa nanyamaza makusudi.

"Mwalimu, kwa hiyo wachache ndio walioshinda?" anauliza kijana wa mstari wa mbele.

Binti mmoja kule nyuma anamwambia asome vizuri: wengi wa hao waliotaka chama kimoja walitaka pia kirekebishwe, kwa hiyo nao hawakuwa wameridhika na mambo yalivyo. Mwingine anadakia kwamba ukiwauliza watu waliobakiziwa chama kimoja tu wanachokijua, unategemea wajibu nini? Mjadala unawaka mpaka wa kipindi kinachofuata wanaanza kuchungulia mlangoni. Sikuwapa jibu. Nimewapa kazi: waandike swali ambalo wao wangeuliza mwaka ule, kwa Kiswahili ambacho bibi zao wangekielewa.

Saa 5, mwanafunzi wa uzamili ofisini. Tasnifu yake inalinganisha utawala bora wa nchi za Afrika Mashariki kwa vipimo vya Benki ya Dunia, vile sita vinavyoanzia mwaka 1996: udhibiti wa rushwa, utawala wa sheria na vinginevyo. Kazi yake ni safi, grafu zimenyooka. Namuuliza alama hizo zinatoka wapi. Anajua: ni mkusanyiko wa maoni ya wataalamu, kampuni za biashara na tafiti za wananchi, yanayochanganywa yakatoa namba moja. "Basi nionyeshe mtu wa Kilosa yuko wapi ndani ya hiyo namba." Anacheka, mimi sicheki. Sisemi avitupe vipimo hivyo. Ukitaka kuona nchi inaelekea wapi kwa miaka 20 vinakusaidia. Ila kwa swali lake, ambalo ni kwa nini wananchi hawadai taarifa za fedha, havina msaada wowote. Namtuma kwenye takwimu za Afrobarometer, mtandao wa utafiti wa maoni ya wananchi Afrika, ambao huwahoji watu 1,200 au 2,400 kwa kila nchi, uso kwa uso. Huko angalau kuna mtu aliyejibu.

Mchana unaliwa na barua. Kibali cha utafiti kinatoka chuoni, kinakwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kinashuka kwa Katibu Tawala wa Wilaya, kinaingia kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, kwa mtendaji wa kata, ndipo kifike kijijini. Kila meza ina muhuri wake. Wanafunzi wangu hulalamika; mimi huwaambia waifuate hiyo barua kwa makini, maana wameshaanza utafiti bila kujua.

Saa 8. Sasa nafunga mlango, nafungua picha ambazo wasaidizi wangu wamezituma kutoka wilayani: kurasa za madaftari ya mihtasari ya mikutano mikuu ya vijiji, zimepigwa kwa simu, kwa ruhusa. Mkutano mkuu ni wa kila mkazi aliyetimiza miaka 18, na unatakiwa kukaa kila baada ya miezi mitatu. Karatasi hazitofautiani. Kufungua mkutano. Kusoma muhtasari wa kikao kilichopita. Yatokanayo. Taarifa ya mapato na matumizi. Mengineyo. Kufunga. Chini kuna sahihi ya mwenyekiti, sahihi ya mtendaji, na muhuri wa duara uliopigwa upande.

Ukisoma "mapato na matumizi" unapata sentensi moja: taarifa ilisomwa, wajumbe waliipokea. Shuka sasa kwenye Mengineyo. Hapo ndipo mtu anauliza mikopo ya vijana imefikia wapi, ile ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayogawanywa nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu, ambayo Serikali iliisimamisha mwaka 2023 na kuirejesha baadaye. Hapo ndipo mama anahoji mchango wa darasa, wakati tangu mwaka 2016 anaambiwa elimu ni bila ada. Hapo ndipo mpaka wa malisho unazuka. Fedha zote ambazo ajenda ya nne ilizipita kimya zinarudi hapa, zikiwa na watu wake.

Na jibu? "Ufafanuzi ulitolewa." Basi. Huambiwi umetolewa na nani wala alisema nini. Ilinichukua muda kuacha kuwakasirikia waandishi wa mihtasari hii. Katibu wa mkutano ni mtendaji wa kijiji. Yeye ni mwajiriwa, bosi wake ni Mkurugenzi wa Halmashauri, hakuchaguliwa na yeyote aliyekaa pale chini ya mwembe. Swali linamhusu yeye, na kalamu anayo yeye. Kwa hali hiyo, kwamba swali limeandikwa kabisa ni jambo la kushangaza. Angeweza kuliacha.

Daftari moja la leo linanichelewesha. Mikutano minne ya mwaka mzima imeandikwa kwa wino uleule, mwandiko uleule usiotetereka, bila kufutwa popote. Daftari halisi huwa na doa la chai. Hili naliwekea alama pembeni: huenda liliandikwa kwa siku moja, wakaguzi wakiwa njiani. Silitupi. Linaonyesha mtendaji alidhani wakaguzi wanataka kuona nini, na katika orodha yake ya mambo ya kuwaonyesha, Mengineyo ni tupu mara zote nne.

Saa 10 na nusu napiga simu kwa mwenyekiti wa kijiji kingine, aliyeingia kwenye uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2024.

"Shikamoo mwenyekiti."

"Marahaba mwanangu. Hujambo?"

Tunaanza na mvua, tunapita kwa wajukuu, ndipo tunafika. Mkutano mkuu utakuwa Jumamosi. Namuuliza kama alikabidhiwa nyaraka za mtangulizi wake. Alikabidhiwa muhuri na faili moja. Madaftari? "Hayo yako kwa mtendaji, mwanangu. Mimi nikiyataka naomba."

Nimeyaandika maneno hayo kama yalivyo. Yanafaa zaidi kumjibu mhakiki wa pili kuliko vyote nilivyoandika alfajiri, na kesho nitayaingiza.

Saa 2 usiku nawatumia wasaidizi maelekezo ya Jumamosi. Wahesabu walioinua mkono, wanawake peke yao na wanaume peke yao. Waandike ni saa ngapi Mengineyo inaanza na waliobaki ni wangapi. Na wasikubali kukaa meza kuu: mgeni wa meza kuu huonekana katumwa na wilaya, na watu hupima maneno.

Jibu linakuja papo hapo: "Sawa dokta, ila mtendaji ameshatuandalia viti mbele."

Nawaambia washukuru, wakae, watambulishwe kwa heshima zote. Muhtasari wa kikao kilichopita ukianza kusomwa, waombe radhi wahamie nyuma wanakoegemea vijana wa bodaboda, maana huko ndiko minong'ono inakoanzia.