Masale ya Rombo

Desemba nilipanda Rombo na rafiki yangu wa kazini, aliyekuwa akienda kwao kula Krismasi kama Wachagga wanavyofanya kila mwaka. Kutoka Himo tulipita Marangu Mtoni, Mwika, Mengwe, Mkuu na Usseri, mpaka Tarakea. Njia nzima mlima Kilimanjaro ulikuwa kushoto, na kulia, chini kabisa, Kenya imetandaa mpaka macho yanachoka. Kibo, kilele chake kikubwa, kilijifunika mawingu. Tuliyekuwa naye ni Mawenzi, kilele cha pili, mita 5,149 za miamba iliyochongoka.

Kwao ni juu ya Tarakea, upande wa kwenda Rongai. Tulifika giza likiingia. Mama yake alinishika mikono yote miwili akaisugua.

"Pole na safari, mwanangu. Ingia jikoni, nje baridi."

Nikapewa bakuli la mtori na kigoda karibu na mafiga. Hapo ndipo nilipoambiwa kwa nini Mawenzi ana mapengo. Moto wake ulizimika, akaenda kuomba kwa Kibo, kisha akaomba tena, na tena, mpaka Kibo akachoka akampiga kwa mchi.

Asubuhi nilimkuta babu yake kihambani, shamba la nyumbani, akiwa na panga. Migomba ilikuwa juu, mibuni chini yake, na pembeni safu ya mimea yenye majani marefu membamba. Nikamwamkia.

"Marahaba. Haya ni masale," alisema. "Huku ni kwangu, kule ni kwa jirani. Huwezi kuyang'oa."

Alikata jani moja akanipa. Lilikuwa la kijani kibichi, gumu kidogo, bado lina umande. Ukimkosea mtu, alieleza, unampelekea isale, na akishaliona hawezi kukataa kukusamehe. Nililigeuzageuza mkononi kwa muda mrefu. Mmea uleule unaotenganisha mashamba ndio unaopatanisha wenye mashamba! Sijui kama kuna watu wengine waliowaza mpaka namna hiyo.

Mpaka wa nchi ulichorwa kwa fikra nyingine. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikubaliana mstari uanzie mdomo wa mto Umba, pwani, uende Ziwa Jipe, uuzunguke Kilimanjaro kwa kaskazini, halafu unyooke hadi Ziwa Victoria. Ile hadithi kwamba Malkia Victoria alimzawadia mjukuu wake mlima siku ya kuzaliwa haina ukweli, ingawa nimeisikia tangu shule ya msingi. Walipatana mezani, na hakuna Mrombo aliyeulizwa.

Mchana tuliteremka Tarakea. Ng'ambo, upande wa Kenya, ni Illasit, na mbele yake Loitokitok, ambako watu wa huku hupeleka ndizi siku za soko na kukutana na Wamaasai. Tarakea kwenyewe shilingi za nchi zote mbili zilipokelewa, na mama muuza vitunguu alinipigia hesabu ya chenji kichwani haraka kuliko simu yangu. Hata jina limevuka: Kenya nako kuna Rombo.

Tuliporudi, nyumba ilikuwa imejaa. Mbege, pombe ya Wachagga, ilikuwa tayari, ya ndizi mbivu na kimea cha ulezi, na ule uchungu wa gome la msesewe unaobaki kooni. Kata ilizunguka kuanzia kwa wazee. Jioni akaingia shangazi wa rafiki yangu, ameolewa Illasit, na galoni la maziwa mkononi. Wajukuu zake watatu walikuwa nyuma yake, viatu vimejaa vumbi jekundu.

Nikamuuliza babu kama binti yake ni Mkenya siku hizi.

"Huyu?" Alimpisha kwenye kigoda chake. "Huyu amezaliwa kwenye chumba kile pale."

Shangazi akapokea kata, akanywa, akaanza kuuliza habari za ng'ombe.