Sanduku la Makufuli Matatu

Sanduku letu lilitengenezwa na fundi wa jua kali pale Kamukunji, Nairobi. Bati nene, rangi ya kijani, tundu juu la kuingizia noti, na makufuli matatu upande wa mbele. Ufunguo mmoja nilikaa nao mimi mwenyekiti, wa pili mweka hazina, na wa tatu tulimpa mama muuza mkaa wa pale karibu na maskani yetu. Hakuwa hata mwanachama. Tulimchagua kwa sababu alituzidi sote umri na hakuna aliyewahi kumsikia akimsengenya mtu. Sanduku lililala kwake, chini ya kitanda, na lingefunguliwa siku ya kugawana tu.

Tulikuwa vijana 19, tunazoa taka Mathare ploti kwa ploti, na kila nyumba ilitulipa kidogo kwa wiki. Nilikuwa na miaka 24. Kila Jumamosi mtu alichanga shilingi 200. Wangeweza kuzituma kwa simu, na Machi 2020 hata ada ya kutuma kiasi kisichozidi 1,000 iliondolewa, lakini sanduku tulilipenda. Mtu aliyeshinda wiki nzima akishika uchafu wa wengine anataka kuona jasho lake likihesabiwa mbele ya macho yake. Kwa wiki 12, pamoja na faini za wachelewaji, tulikuwa na 46,300. Tulipanga kugawana kabla ya Pasaka.

Wiki ya pili ya Machi mweka hazina alikuja kwangu usiku. Tumekua pamoja. Nimekula kwao siku ambazo kwetu jiko halikuwashwa. Alikuwa amepata belo mbili za mitumba Gikomba, nguo za watoto, muuzaji ana haraka. "Wiki mbili tu, ndugu yangu. Nauza, narudisha zote, hakuna atakayejua."

Nilimpa ufunguo wangu. Kisha nikampigia mama muuza mkaa na kumwambia ampe na wake.

Kwa muda mrefu, nilipokuwa nikisimulia kisa hiki, sehemu hiyo niliiruka. Nilianza pale pesa zilipopotea, kama kwamba zilitoka zenyewe kwenye lile tundu.

Tarehe 13 Machi kisa cha kwanza cha korona kilitangazwa nchini. Watu wakaacha kununua nguo, wakanunua unga na sabuni. Tarehe 27 kafyu ikaanza, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, na wachuuzi wakawa wanafunga virago jua likingali juu. Rafiki yangu akabaki na belo zake chumbani, akitandika godoro juu yake na kulala hapo. Alinieleza huku ameinamisha kichwa. Alikuwa ameuza nguo za shilingi 3,100 tu, na hizo alikuwa amezila.

Tarehe 30 usiku, Kiamaiko, jirani kabisa na kwetu, mvulana wa miaka 13 aliuawa kwa risasi akiwa kwenye roshani ya nyumba yao, polisi walipokuwa barabarani wakisimamia kafyu. Mtaa mzima ulijua asubuhi. Mtoto alikuwa kwao. Kwao! Nilimfikiria mweka hazina wangu, kijana wa miaka 23, nikifikiria pia umati. Mtu akishaitwa mwizi mtaani kwetu, aghalabu hangojewi afike kituoni.

Nililelewa na mjomba aliyeamini kwamba kiongozi ni yule anayeubeba mzigo wa watu wake bila kuwaonyesha uzito. Nilimwamini. Basi Jumamosi tarehe 4 Aprili nikasimama mbele ya wenzangu, wengine wamejifunga leso puani, nikasema pesa tumezihamishia benki kwa usalama wakati huu wa kafyu, benki imepunguza huduma, tutagawana mwezi wa sita.

Wakaitikia. Mmoja akapiga makofi, akasema ndiyo maana tulimchagua huyu.

Nikaanza kulipa deni kisirisiri. Niliuza runinga, nikauza mtungi wa gesi, nikala mara moja kwa siku. Kila nilichopata nilikitia kwenye mkebe mtupu wa Kimbo chini ya kitanda. Hadi katikati ya Mei nilikuwa na 17,000. Kila noti niliyoongeza ilinipa raha. Nilijiona ninajitoa mhanga, na mtu anayekonda kwa ajili ya wenzake hawezi kujidhania mwongo.

Jioni moja katikati ya Mei, saa moja kasoro robo, mwenzetu msukuma mkokoteni aligonga. Uchungu wa mkewe ulikuwa umeanza. Mwenye teksi alitaka 2,500, kwa sababu ya kafyu na vizuizi vya njiani. Alisimama mlangoni, jasho likimtoka, kofia ameikunja mkononi.

"Mwenyekiti, nipe yangu tu. Ile 2,400."

Mkebe ulikuwa hatua mbili kutoka miguuni pake. Ningempa, angeuliza zimetoka wapi, na kama benki imefunguka kwa mmoja, kesho wangekuja kumi. Hayo niliyafikiria kwa haraka ambayo mpaka leo inanitisha. Nikamwambia benki haijafungua.

"Sawa," akasema. "Si makosa yako." Akakimbia.

Mama na mtoto walitoka salama. Mtoto wa kike. Pesa ya teksi alikopa kwa shailoki, mkopeshaji wa mtaani wa riba kubwa, akaweka rehani mkokoteni wake mwenyewe, na wiki mbili zilipokwisha mkokoteni ukachukuliwa. Sikuambiwa. Niliona mwenyewe, alfajiri, kafyu ikiwa imetoka kuisha. Alikuwa anapanda kile kilima cha kutokea Juja Road na gunia la taka mgongoni, amelishika kwa mikono miwili juu ya bega. Gunia lilikuwa limelowa. Maji yake yalimtiririka mgongoni, yakaingia ndani ya suruali, yakatokea kwenye ndala, na kila alipokanyaga palibaki alama nyeusi ya unyayo kwenye lami. Mimi nilikuwa nashuka. Alinikwepa asije akanichafua.

"Umeamkaje, mwenyekiti?"

Siku hiyo sikufanya kazi. Nilikwenda kwa mama muuza mkaa nikamweleza yote. Alikuwa akipima mkaa, viganja vyeusi, na hakuacha kupima. Nilipofika kwenye sababu, kwamba nilimhurumia rafiki yangu wasije wakamuua, ndipo akaliweka chini lile kopo.

"Na hawa wengine kumi na saba, mwanangu, walikuwa watoto wa nani?"

Sikuwa na jibu. Akaniambia ufunguo aliutoa kwa jina langu, kwa hiyo Jumamosi ama nitasema mimi, ama atasema yeye.

Mweka hazina nilimwambia kwanza. Alilia. Alisema angetorokea ushago, kijijini kwao, lakini tangu tarehe 6 Aprili Nairobi ilikuwa imefungwa, hakuna kutoka wala kuingia. Nikamwambia atasimama kando yangu na mimi ndiye nitakayeanza.

Tarehe 30 Mei nilianza na ufunguo. Niliuweka juu ya sanduku, nikasema niliutoa mimi, na wa mama ni mimi niliyemwambia autoe. Kisha benki. Kisha mkebe, nikaufungua. Kijana mmoja alimrukia mweka hazina akamzaba kofi mbili kabla mama muuza mkaa hajajipenyeza katikati. Hakuna tairi la kumchomea lililoletwa. Nilikuwa nimewaogopa kupita kiasi, na kuwaogopa kule kulikuwa ni kuwadharau, ingawa nilikuita kuwalinda.

Aliyeniumiza zaidi ni msichana aliyekuwa akituandikia daftari, mdogo kuliko sote. Hakupaza sauti. "Ungesema Aprili ningehamia chumba cha bei rahisi. Nimekaa miezi miwili nadaiwa kodi nikingoja pesa ambazo hazipo. Hukuniuliza kama naweza kustahimili ukweli."

Wakanivua uenyekiti. Belo zikaletwa, tukaziuza kipande kimoja kimoja mitaani. Mweka hazina akasukuma mkokoteni bila malipo hadi Desemba, siku aliyomaliza deni. Wawili walihama kikundi, na mmoja wao hanisalimii hadi leo. Tunapishana, ananiangalia, anapita.

Kikao kiliamua ule mkebe uanze na mkokoteni. Shailoki alitaka 5,600. Niliomba niende mimi kumpelekea mwenzetu pesa hizo pamoja na 2,400 yake, na wakakubali, msichana wa daftari akiandika. Nilikwenda Jumapili asubuhi. Mkewe alikuwa mlangoni akianika nepi, mtoto mgongoni kwenye leso. Mwenzetu alinikaribisha kwenye stuli, akapokea noti kwa mikono miwili, akalowesha kidole akazihesabu juu ya goti. Alipomaliza akaanza upya.

Kisha akachomoa 200 niliyokuwa nimeongeza kutoka mfukoni mwangu, akanyoosha mkono.

"Hii si yangu," akasema.

Nikaipokea.